Geuza Lesi Kabla ya Kuilipia

Waswahili husema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, lakini katika kazi moja ninayoifahamu vizuri nimeiona methali hiyo ikienda kinyume, tena si mara moja wala mbili. Kazi yenyewe ni lesi ya mkono, na hasa ile lesi ya mafundo madogo madogo iitwayo tatingi, inapofanywa kwa nyuzi za rangi mbili au zaidi. Humo kibaya hujiuza kwa haraka mno, na chema hukaa sandukuni kikimngoja mtu wa kukigeuza akitazame upande wa pili.

Nasema kukigeuza kwa sababu uzuri wa lesi ya rangi hauko mbele peke yake. Mbele kila mtu hujitahidi. Nyuma, pale rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia, ndipo panapojulikana kama kazi itaishi miaka ishirini au itakufa siku ya kwanza ya kufuliwa. Maoni yangu basi ni haya, na nayasema mapema ili msomaji asije akanidai baadaye: mnunuzi wa lesi anayelipa kwa kuhesabu maua peke yake anawafundisha wafumaji wetu ulaghai, na hasara ya ulaghai huo humwangukia mfumaji, si mnunuzi.

Najua kuwa wasomaji wengi hapa Kenya wanakifahamu zaidi kitambaa cha kulabu, kile ambacho mama zetu walikitandika juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio, na baadaye juu ya televisheni hata kikaning'inia mbele ya kioo. Tatingi ni ndugu yake, lakini ndugu wa mbali. Haina kulabu. Chombo chake ni kidubwana chenye umbo la mashua, urefu wake kama wa kidole cha kati, chenye ncha mbili, na katikati mna mhimili wa kuzungushia uzi. Wajerumani wameipa kazi hii jina lenye maana ya kazi ya mashua ndogo. Mimi tangu nilipoanza kufundisha nimekiita chombo hicho kidau, na wanafunzi wangu wa hapa Mombasa wote wamenielewa bila ya kuuliza swali.

Uzi wa kidau huzungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto kama pete kubwa, kisha kidau kikapitishwa kwa mkono wa kulia, mara chini ya uzi, mara juu yake. Kila fundo lina nusu mbili, na nusu hizo zikikaa pamoja huwa sawasawa na lile fundo ambalo mchungaji hufungia ng'ombe kwenye kigingi. Lakini ipo siri moja, nayo ndiyo inayowaliza wanaoanza. Fundo unapolipiga kwa uzi wa kidau halina budi kuruka: uzi wa kidau ukazwe unyooke, wa mkononi ulegezwe, na fundo lihame kutoka uzi ule hadi uzi huu. Lisiporuka, pete haifungiki hata uivute kwa meno. Likiruka, uzi wa kidau hubaki umenyooka katikati ya mafundo kama uzi wa tasbihi, na ukiuvuta, mafundo yote hujikusanya yakawa pete. Kati ya fundo na fundo mfumaji anaweza kuacha uzi kidogo ukae legelege, nao huwa kitanzi. Vitanzi ni pambo, lakini pia ndivyo vinavyoishika pete moja na jirani yake. Pete zikipangwa kwa duara huwa ua, na maua yakiungana huwa kola, au ukingo wa shela, au kitambaa cha meza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya katikati ya karne ya 19 pete zilifanywa moja moja, kisha zikashonwa pamoja kwa sindano. Mademoiselle Riego de la Branchardière alitoa vitabu vyake vya tatingi huko Uingereza kuanzia miaka ya 1850, na ni katika miaka hiyo ndipo ilipoenea njia ya kuiunganisha pete na jirani yake papo hapo, kwa uzi ule ule wa kidau, bila ya kushona. Kufikia miaka ya 1860 uzi wa pili ulikwisha kuingia, unaotoka kwenye donge na kupigwa mafundo juu ya uzi wa kidau. Mafundo hayo hayafungwi yakawa pete, hubaki yamejipinda tu kati ya pete na pete. Mimi huyaita upinde.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa maana bila ya jambo hili hataelewa ninacholalamikia. Katika upinde, mafundo yote unayoyaona ni ya uzi wa donge. Uzi wa kidau umejificha ndani. Katika pete, mafundo ni ya uzi wa kidau wenyewe. Basi mtu akitia uzi mwekundu kwenye kidau na mweupe kwenye donge, atapata pete nyekundu na pinde nyeupe kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake, naye hakukata uzi popote. Rangi mbili, kiungo hakuna. Huo ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii.

Taabu huja pale ua linapotaka mambo mengine: safu ya ndani iwe ya rangi moja na ya nje iwe ya mbili, au pete moja katikati ya nyekundu iwe nyeupe. Kwa hilo la pili ipo hila ya zamani ambayo hata mtoto wa shule ataiweza. Zichukue nyuzi zako mbili, uzifunge ile nusu ya kwanza ya fundo unalofungia kamba za viatu, ukaze, na zitakuwa zimebadilishana mahali. Iliyokuwa inaongoza sasa inapiga mafundo. Iwe moja tu lakini. Ukizifunga mara mbili umefanya kinundu, na kinundu katika lesi ni kama changarawe katika wali.

Safu kwa safu ndiko kwenye kazi. Chukua ua la kawaida la safu mbili. Safu ya ndani ni ya pete tupu, rangi moja, kidau kimoja. Hapo pana mkia mmoja wa uzi mwanzoni na mmoja mwishoni. Safu ya nje ni ya pete na pinde, rangi mbili. Pana mikia miwili mwanzoni na miwili mwishoni. Jumla yake ni mikia sita kwa ua moja. Kola ya maua saba ina mikia 42. Mimi, ambaye kazi hii imenizeesha, huhitaji kama dakika tatu kuuficha mkia mmoja sawasawa. Fanya hesabu mwenyewe: dakika 126, yaani saa mbili na ushei, ambazo zikifanywa vizuri hazionekani hata kidogo. Kazi ambayo sifa yake ni kutoonekana, nani atailipia?

Na kuuficha mkia si kuukata ukabaki mfupi. Kwanza nyuzi mbili hufungwa kwa fundo bapa, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, kwa maana ukirudia upande mmoja mara mbili utapata fundo linaloteleza. Kisha kila mkia hutiwa katika sindano nyembamba, ukapitishwa ndani ya mafundo ya rangi yake, nasema tena, ya rangi yake, mwekundu katika wekundu na mweupe katika weupe, mafundo matano au sita, ukarudishwa kidogo ili ujikabe, ndipo ukakatwa. Wengine hutumia njia ya kitanzi cha uzi wa ziada: unapopiga mafundo ya mwisho unakilaza kitanzi hicho ndani yake, halafu unaupitisha mkia ndani ya kitanzi na kukivuta, nao mkia unaburutwa katikati ya mafundo kama mtumbwi unaovutwa kwa kamba. Njia hii ni safi sana, lakini uzi ukiwa mwembamba, namba 80 tuseme, ukivuta kwa nguvu kitakatika ndani na utabaki unakitazama. (Kwa asiyejua: katika nyuzi hizi namba ikipanda wembamba huzidi. Namba 20 ni nene, 80 ni kama unywele.)

Mfumaji hodari hupunguza mikia tangu alipochora. Akiwa na vidau viwili anaweza kufanya pete ya mwisho ya safu ya ndani nusu kwa kidau kimoja na nusu kwa cha pili, na hapo nyuzi hutokea upande wa nje wa pete, tayari kupanda safu ya juu bila ya kukatwa. Mikia sita inakuwa minne. Kola yetu ya maua saba imeshuka kutoka mikia 42 hadi 28, na dakika 42 zimeokolewa. Ni kweli kuwa pete hiyo itakuwa ya rangi mbili, nusu hivi nusu vile, na wapo wanaoiona kasoro. Mimi naona ni suala la kupanga: iweke pete hiyo mahali pamoja katika kila ua, na jicho litaichukua kuwa pambo.

Sasa nije kwenye lililonisukuma kuandika. Nilimfundisha msichana mmoja, mwepesi wa mikono kuliko wote waliopita kwangu. Alipata duka la kumnunulia, sitalitaja, nalo lilimlipa kwa idadi ya maua. Aliletewa oda ya kitambaa cha meza cha maua 64, nyeupe na samawati, na siku aliyopewa ilikuwa karibu. Kwa hesabu ile ile ya mikia sita kwa ua, mbele yake ilikuwepo mikia 384. Kwa dakika tatu tatu ni saa 19 na zaidi, za bure. Akafanya alilofanya. Alifunga fundo, akatia tone la gundi, akakata. Nilikiona kitambaa kile kimetandazwa dukani, na nakiri kilipendeza. Sikukigeuza kwa kuwa hakikuwa changu.

Haikupita miezi mitatu kikarudi. Mwenyewe alikifua kwa maji ya moto na sabuni kama kitambaa kingine chochote cha meza, gundi ikayeyuka, mafundo yakafunguka, na maua kumi na moja yalikuwa yamechanua kwa namna ambayo maua hayatakiwi kuchanua. Duka lilimrudishia mteja fedha zake zote, kisha likazikata fedha hizo katika malipo ya msichana kwa kazi nyingine aliyokwisha kuileta. Nilikwenda kuzungumza nao.

"Mama," akaniambia mwenye duka, kijana mpole mwenye adabu zake, "mteja ananunua ua, hanunui mkia."

"Mwanangu," nikamjibu, "akishafua, kinachombakia ni mkia."

Tulicheka wote wawili, lakini fedha hazikurudi. Yule msichana ameacha lesi. Leo anauza viazi karai, na nasikia vinamlipa kuliko yalivyomlipa maua; simlaumu. Ninachosema ni kwamba katika watu watatu waliohusika na kitambaa kile, yule aliyepanga bei ndiye aliyepanga na gundi, kwa sababu ukimlipa mtu kwa kitu kimoja na kingine ukamwachia dhamiri yake, huku ukimharakisha, jibu unalijua. Mteja alirudishiwa chake. Duka halikupoteza senti. Aliyelipia gundi ni mmoja tu.

Pengine nitaambiwa kuwa tatingi ni kazi ya kupitishia wakati, na kwamba si haki kuizungumza kama useremala. Maneno hayo hayakuanza leo. Tazama majina yenyewe. Wafaransa huiita kwa neno lenye maana ya upuzi, kitu kisicho na uzito. Waitalia wana neno linalotokana na kupiga soga, na wana jingine la zamani lenye maana ya macho, ambalo walau linaheshimu umbo la zile pete. Waarabu na Waturuki wameiita kwa jina la chombo chenyewe tu, nalo nadhani ndilo lenye adabu zaidi. Jijini London, katika National Gallery, ipo picha ya Joshua Reynolds iliyochorwa karibu na mwaka 1760, ya mwanamke wa tabaka la juu aitwaye Anne, Countess of Albemarle, amekaa na kidau mkononi. Alichokuwa akifanya ni kazi ya mafundo iliyotangulia tatingi. Naye Malkia Elisabeth wa Romania, aliyejulikana kwa jina lake la uandishi la Carmen Sylva, alikuwa mpenzi mkubwa wa tatingi. Mabibi kama hao hawakuhesabu dakika. Mkia ukiwaudhi, palikuwa na mtumishi.

Lakini huo ni upande mmoja wa historia. Huko Ireland, katika miaka ya ile njaa kubwa ya viazi iliyoanza 1845, wanawake walijifunza lesi za namna nyingi ili wauze wapate kula, na mji wa Ardee ulijulikana kwa tatingi. Kwa mwanamke yule kidau hakikuwa upuzi wala soga. Ilikuwa chakula. Nikisikia mtu akisema kazi hii ni ya kupitishia wakati, hutaka kumwuliza: wakati wa nani?

Na wapo wenzangu wa kazi, tena watu ninaowaheshimu, wanaonishauri njia fupi: achana na rangi. Lesi, wanasema, ni nyeupe, na uzi wa rangi moja husamehe mengi. Ni kweli lesi nyingi za zamani za Ulaya zilikuwa nyeupe, na sababu yake moja inaeleweka. Kitu kinachochemshwa na kuanikwa juani hakiwezi kuwa na rangi inayotoka. Lakini hali hiyo ilibadilika zamani. Thérèse de Dillmont alipotoa kamusi yake kubwa ya kazi za sindano mwaka 1886, ambamo tatingi ina sura yake, alikuwa akifanya kazi bega kwa bega na watengenezaji wa nyuzi wa DMC huko Mulhouse, na nyuzi za rangi zisizochujuka zikawa biashara ya dunia nzima. Isitoshe, sisi ni watu wa leso. Mwanamke wa Mombasa ukimpa kola nyeupe tupu atakushukuru, ukimpa yenye ukingo wa rangi ya leso yake ataivaa. Kuacha rangi kwa kuogopa mikia ni kama kuacha kupika samaki kwa kuogopa miba.

Ajabu ni kwamba katika kazi zetu wenyewe jicho la mnunuzi limekwisha kuelimika. Nimemwona mzee mmoja kule Lamu akinunua kofia ya mkono. Hakuiweka kichwani kwanza. Aliipindua, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akavitazama vitobo kwa ndani kimoja kimoja kama anayesoma barua, akapitisha ukucha. Ndipo akauliza bei, na bei alipotajiwa hakushtuka, maana alikwisha kuiona nyuma. Na akina mama wa Ukambani na Ugikuyu wanaofuma kiondo wametushinda sote kwa kiungo. Uzi wa katani ulipokaribia kwisha hawakufunga fundo. Walizichukua nyuzinyuzi mpya, wakazichanganya na ncha ya zile za zamani, wakazisokota pamoja juu ya paja, na uzi ukaendelea kana kwamba haukukoma. Tatingi haiwezi kusokotwa hivyo, nyuzi zake zimekwisha kukazwa kiwandani, lakini shabaha ni ile ile.

Kipo kiungo kingine ambacho hata wafumaji wazuri hukipuuza, nacho hakina mkia. Ni pale pete ya rangi moja inaposhikana na kitanzi cha rangi nyingine. Njia iliyozoeleka ni kuuvuta uzi kutoka chini kuja juu kupitia kitanzi, na katika rangi moja haina ila yoyote. Katika rangi mbili huacha kidoa: kinukta cheupe juu ya wekundu, kidogo kama ncha ya sindano, lakini ukiwa na pete arobaini na nane una vinukta arobaini na nane, na kola nzima huonekana kama imepatwa na tetekuwanga. Dawa yake ni kuuvuta uzi kinyume, kutoka juu kwenda chini, ili kinukta kibaki nyuma. Mwanzoni vidole hukataa, kwa maana inakubidi ukigeuze kitanzi na kuushika uzi kwa namna isiyo ya kawaida, lakini baada ya jioni mbili tatu huzoea. Basi yapasa mfumaji aamue kabla ya fundo la kwanza upande upi ni mbele, na asisahau katikati ya njia. Ninawafungia wanafunzi wangu kipande cha uzi mwekundu kwenye pete ya kwanza, upande wa mbele, mpaka watakapokuwa hawakihitaji.

Sisemi gundi ni haramu. Picha ya lesi iliyotiwa kwenye fremu nyuma ya kioo, ambayo haitafuliwa mpaka kiama, itie gundi ukipenda, ingawa nyingine hugeuka manjano kwa miaka na hukauka ikawa ngumu kama kucha. Ninachokataa ni gundi kutumika mahali pa sindano katika kitu cha kuvaliwa au cha mezani, kisha kikauzwa kwa bei moja na kile kilichofichwa mikia. Vitu viwili hivyo si kimoja.

Nini kifanyike? Mimi si serikali, na wala sitaki bodi wala kamati. Nataka maduka yanayonunua kazi za mikono yaandike bei mbili: ya ua na ya mkia. Hilo si jambo gumu. Fundi cherehani hutoza mshono na hutoza vifungo, na hakuna anayegombana naye. Kwa bei ya namna hiyo mfumaji mwenye akili atavitafuta vile vidau viwili, apunguze mikia kutoka sita hadi minne, aweze kuuza kwa nafuu na bado apate faida ya wakati. Na asiyeweza atalipwa kwa taabu yake. Na mnunuzi wa nyumbani, asiye na duka, namwomba afanye kama yule mzee wa Lamu. Aigeuze. Apitishe ukucha nyuma ya ua, pale rangi zinapokutana. Akihisi kitu kigumu kama chembe ya mchele mkavu, hiyo ni gundi. Akiona ncha zimechomoza kama masharubu ya paka, mikia haikufichwa, na kufua kwa kwanza kutazitoa zaidi. Ikiwa nyuma ni kama mbele, isipokuwa vile vinukta vidogo vya vitanzi, basi alipe alichoambiwa.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule kijana mwenye duka, maana sikumchukia na yeye hakunichukia, nikampelekea kola ya maua saba, nyekundu na nyeupe, mikia 28, bei imeandikwa kwenye kikaratasi kwa mafungu mawili kama nilivyoeleza. Aliitazama bei akavuta pumzi. Nikamwambia asiinunue, aiweke tu dirishani, lakini aitundike mgongo ukielekea barabarani. Alisita, akasema watu watadhani amekosea. Nikamwambia waache wadhani. Hadi ninapoandika haya hajaiuza, ila amenituma salamu kuwa watu wanne wameingia dukani kumwarifu kwa upole kwamba kola yake ameitundika kinyume, na kila mmoja wao ilibidi aigeuzwe mkononi mara mbili tatu kabla hajajua ni upande gani hasa ulio kinyume.